Je, Bangi Hutibu Ini?

Ndugu wanakikundi wa Sericho, tunasikia wengine wakisema bangi huponya ini. Tuseme wazi: haiponyi. Nchi nyingine madaktari hutoa dawa za mmea huo kutuliza kichefuchefu na maumivu. Lakini ini ndilo husafisha dawa mwilini. Likiugua, ukali wa bangi hukaa sana na mgonjwa huchanganyikiwa. Tena Kenya, sheria ya 1994 inaikataza.

Basi tufanyeje? Mwenye macho ya manjano au tumbo lililovimba aende hospitali apimwe damu. Hepatitisi B ina dawa za kuidhibiti. Watoto wachanjwe wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Jadilianeni: Mgonjwa akikosa nauli, kikundi chetu kitamsaidiaje?