Urefu au Mizani? Tatizo la Istilahi katika Programu za Kupangia Midundo

Katika programu za kompyuta za kupangia midundo, ruwaza ni mfululizo wa hatua unaorudiwa, na mtumiaji huiwekea "urefu". Neno hili linapotosha. Kinachowekwa si muda bali ni idadi ya hatua, mara nyingi 16, kama vitufe 16 vya hatua vya mashine ya Roland TR-808 ya mwaka 1980. Idadi ikipunguzwa kuwa 12, kila hatua hubaki na muda wake uleule, ila ruwaza hurudi mwanzo mapema. Ikichezwa sambamba na ruwaza ya hatua 16, mianzo yao hukutana tena baada ya hatua 48. Anayedhani kuwa ameongeza kasi atatafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Washairi wa Kiswahili wanalo neno mwafaka zaidi: mizani, yaani hesabu ya silabi za mshororo, ambayo katika shairi la kawaida ni 16 vilevile. Ni kweli kwamba hatua isiyo na mlio huhesabiwa, ilhali silabi isiyotamkwa haina mizani. Tofauti hiyo haitoshi kulikataa neno. "Urefu" una kasoro kubwa zaidi.