SOMO LA AFYA: MTOTO ANAPOLIA AKIKOJOA

Ndugu zetu wa vikundi vya Kitale na Bungoma, hapa kwetu mtoto akiwa na homa twasema ni malaria tu. Lakini kuna homa ya njia ya mkojo. Damu ikipimwa na malaria isionekane, tuombe mkojo upimwe pia, maana ugonjwa huu ukiachwa waweza kuharibu figo.

Chanzo: Mara nyingi ni vijidudu vya mavi vinavyoingia mahali pa kukojolea. Wasichana huugua zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi.

Dalili: Kulia akikojoa, kukojoa mara kwa mara, kuumwa tumbo chini ya kitovu, au kuanza tena kukojoa kitandani. Mtoto mchanga huenda akawa na homa tu, au akatapika na kukataa kunyonya. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tufanye nini?
1. Msichana apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma.
2. Nepi ibadilishwe mapema.
3. Anywe maji safi ya kutosha, hata shuleni.
4. Ale sukuma, maharagwe na mapapai. Choo kigumu hubana kibofu, mkojo usiishe.
5. Asizuie mkojo.
6. Dawa za hospitali azimalize, hata akipata nafuu. Tusigawiane zilizobaki.

Maswali ya kikundi: Je, choo cha shule yetu ni safi, na kina mlango? Kama hakina, binti zetu hujibana kutwa nzima. Ni nani kati yetu atakwenda kuona wiki hii?