Tao Lisilopinda: Kanieneo, Ombwe na Istilahi za Uyeyushaji wa Metali

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili istilahi tatu za fizikia: tao, ombwe na kanieneo. Chanzo chake ni tafsiri ya mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyeandika kwamba, metali inapoyeyushwa kwa tao la umeme ndani ya ombwe, "gesi haipo, hivyo kanieneo haina athari". Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Hata hivyo, mhudumu wa tanuri akiifuata anaweza kupoteza maisha.

2.0 Tao

Katika kijiji cha Kwedizinga, wilayani Handeni, tuliketi na mafundi wa kulehemu ambao lugha yao ya kwanza ni Kizigula. Tulipowauliza kinachoyeyusha chuma ni nini, walijibu kwa Kiswahili kuwa ni "moto". Hakuna aliyetaja umbo. Neno tao limetufikia kwa njia ya tafsiri, na picha yake ni ya mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Humphry Davy alipopitisha umeme kati ya vipande viwili vya kaa vilivyolazwa. Hewa iliyopata joto ilipanda na kuubeba mwali, nao ukajikunja mithili ya tao la mlango. Kilichotoa jina, basi, ni hewa wala si umeme.

Fundi wa Kwedizinga hufanya kazi katika kanieneo ya angahewa, ambayo usawa wa bahari hukaribia paskali 101,325. Katika tanuri la ombwe hubaki takriban paskali 1 au pungufu. Hapo hakuna hewa ya kutosha kuubeba mwali, tao halipindi. Hulishwa na mvuke wa metali yenyewe, unaofoka kutoka kwenye madoa madogo yenye mng'ao mkali juu ya kathodi. Madoa hayo hukimbia huku na huku usoni mwa elektrodi, na joto husambaa. Mkondo huwa wa maelfu ya ampea, ingawa volti ni ishirini na kitu tu.

3.0 Ombwe

Tatizo kubwa liko hapa. Msomaji wa kawaida huelewa ombwe kuwa utupu kamili: ama upo, ama haupo. Kwa mhandisi, ombwe ni jambo la kiwango. Metali ghafi huficha gesi, hasa haidrojeni, ambayo huchomoka ghafla metali inapoyeyuka. Kanieneo ikipanda, madoa ya kathodi huweza kusongamana na tao likabana. Pengine tao huiacha ncha ya elektrodi na kuwaka kati ya ubavu wake na ukuta wa kalibu. Kalibu hiyo ni ya shaba na hupozwa kwa maji. Ukuta ukitoboka, maji hukutana na titani iliyoyeyuka, na mlipuko hufuata.

Tunapendekeza ombwe libaki, ila katika matini za kiufundi liambatane na kipimo cha paskali. Usemi "ombwe tupu" uachwe kabisa.

4.0 Kanieneo

Istilahi hii imeundwa vizuri kuliko wenzake: kani kwa eneo, yaani fasili yenyewe ya fizikia. Wanaotumia msukumo badala yake huchanganya nguvu na mgawanyo wake. Upatanisho wa kisarufi bado unayumba, kwani wengine husema "kanieneo la" na wengine "kanieneo ya". Kwa maoni yetu neno la kwanza ndilo kichwa cha mwambatano, na kani ni ya ngeli ya 9.

Sentensi ya mwanafunzi wetu tuliirekebisha hivi: "Katika tanuri la ombwe gesi ni chache mno, hivyo ongezeko dogo la kanieneo yake huweza kubadili mwenendo wa tao."