Mwizi Mnyonge na Mwizi Mtukufu

Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, mwanamke wa Bani Makhzum aliiba. Makureshi wakamtuma Usama bin Zayd amwombee kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akaghadhibika, akabainisha kuwa kaumu zilizotangulia ziliangamia kwa kumwacha mtukufu na kumwadhibu mnyonge.

Novemba 2017, huko Riyadh, watu wa ukoo wa kifalme, mawaziri na matajiri walizuiliwa kwa tuhuma za rushwa. Wengi wao ndani ya hoteli ya fahari. Januari 2019 ilitangazwa kuwa 87 wamekiri na kufanya suluhu, na zaidi ya riyali bilioni 400 zimerejeshwa. Kurejesha ni wajibu, wala toba haitimii bila ya hilo. Lakini mchukuzi wa soko la Balad, Jeddah, akiiba riyali mia kisha akazirejesha, je, naye hupewa suluhu, au hutiwa pingu?