Dondoo muhimu: Kitabu kimoja cha likizo, darasa zima

Darasa likisoma kitabu kimoja wakati wa likizo ya Juni, shule ikifunguliwa kila mwanafunzi ana la kumwambia mwenzake, hata yule mgeni aliyehamia juzi. Ili mjadala unoge:

• Chagueni kitabu kinachogusa maisha yenu. *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo kinafaa sana: Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, jambo ambalo huenda jirani yako wa dawati analijua kwa uchungu.

• Nakala zikiwa chache, pangeni zamu. Wanaokaa mtaa mmoja wapokezane kitabu kila wiki, kikiwa kimefunikwa gazeti jalada lisichanike.

• Soma na daftari pembeni. Andika ukurasa, tukio na swali moja. "Ningekuwa mimi mwalimu wao, ningefanya nini?" huzaa mjadala kuliko "Mhusika mkuu ni nani?"

• Kaeni duara, hata chini ya mwembe. Anayesema asikatizwe, aliye kimya aulizwe kwa upole. Hoja ipingwe, mtu asidhihakiwe.

• Msiishie kitabuni. Jiulizeni: hapa kwetu nani hana sare, nani anakula peke yake? Kisha fanyeni jambo moja, hata dogo, kama kukusanya sare zilizowabana ziwafae wadogo zenu.

Mkisoma pamoja mtajuana, mkijuana mtatunzana.