Je, Yafaa Kuwachanja Kuku wa Nyumbani?
Somo kwa Wakulima wa Matiliku na Jirani Zake

Mkulima, mwaka wa mvua haba mahindi hunyauka na ng'ombe hukonda, lakini kuku bado wapo uani. Ndio wanaouzwa kwanza siku ya soko ili kununua daftari la mtoto au dawa ya mgonjwa. Nao kwa kawaida ni mali ya mama wa nyumba. Kwa hiyo kuku wakifa wote kwa juma moja, hasara hiyo si ndogo, hata kama hakuna mtu atakayekuja kukupa pole.

Ugonjwa unaowamaliza hivyo mara nyingi ni kideri. Somo la mwezi huu litakusaidia kukata shauri: je, uwachanje kuku wako au uwaache?

KIDERI NI NINI?

Kideri huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Kilitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na kwa Kiingereza ugonjwa huitwa kwa jina la mji huo. Hapa Kenya ulijulikana mwaka 1935, na tangu wakati huo haujatoka.

Dalili zake ni hizi: kuku huzubaa na kujikunja manyoya, hukataa chakula, hupumua kwa shida, na huhara kinyesi cha kijani. Wengine hupooza mabawa au miguu, na wengine shingo hupinda. Wengi hufa kwa siku chache. Katika boma lisilochanjwa, kideri kikali chaweza kuua karibu kuku wote.

Hakuna dawa ya kukitibu. Dawa za dukani zinazoua bakteria haziui kirusi hiki; wala maji ya kiluma, pilipili au majivu hayakizuii. Njia ni kuzuia tu.

PIGA HESABU KWANZA

Usichanje kwa sababu jirani amechanja. Chukua kalamu. Tuseme una kuku 20, na kila mmoja thamani yake ni Sh 500. Hiyo ni Sh 10,000 zinazotembea uani. Tuseme tena chanjo pamoja na ujira wa mchanjaji ni Sh 10 kwa kila kuku, nawe unachanja mara 3 kwa mwaka. Utatumia Sh 600 kwa mwaka, yaani bei ya kuku mmoja na kidogo zaidi.

Sasa tuseme kideri huingia katika boma lako mara 1 tu kwa miaka 4, na kikiingia kinaua kuku 16. Hasara ni Sh 8,000, bila kuhesabu mayai na vifaranga ambavyo havitakuwapo. Chanjo ya miaka hiyo 4 ni Sh 2,400. Weka bei za soko lako mahali pa hizi zetu, ukumbuke kideri kilikuja mara ngapi kwako, kisha uone jibu. Kwa wakulima wengi jibu litakuwa: chanja.

Wako wenye kuku 4 au 5 ambao husema, “Chupa nzima ya nini?” Wana haki kuuliza, kwa maana chupa moja ya chanjo hutosha kuku 100 au zaidi, nayo ikishachanganywa haiwekwi kwa siku nyingi. Dawa ya shida hiyo mnayo tayari: ni mwethya. Kama mnavyosaidiana kuchimba matuta, changeni fedha na kuchanja boma kwa boma asubuhi moja. Maboma 10 yenye kuku 10 kila moja humaliza chupa ya kuku 100. Tena faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa kuku wa jirani huchakura pamoja na wako.

MANENO YANAYOSIKIKA SOKONI

“Kuku wangu si wagonjwa.” Huo ndio wakati wa kuchanja. Kinga huchukua siku 7 hadi 14 kupata nguvu, na chanjo haimponyi kuku aliyekwisha shikwa.

“Walichanjwa, wakafa.” Huenda ni kweli. Kirusi chaweza kukaa ndani ya kuku siku kadhaa kabla ya dalili kuonekana, basi kuku alichanjwa akiwa ameshapata ugonjwa. Au chanjo iliharibiwa na joto. Au kuku walikufa kwa ugonjwa mwingine, kama ndui ya kuku au homa ya matumbo ya kuku, ambayo chanjo ya kideri haiizuii.

“Nilichanja mwaka juzi.” Kinga hiyo imekwisha. Rudia kila miezi 3 au 4, kama karatasi ya chanjo isemavyo.

“Mayai yake hayaliki.” Si kweli. Mayai na nyama ya kuku mzima aliyechanjwa kwa matone huliwa bila hofu.

NAMNA YA KUCHANJA

1. Uliza ofisi ya mifugo au duka la dawa za mifugo linaloaminika. Hapa Kenya chanjo ya kideri hutengenezwa na taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI.

2. Uliza ni chanjo ya namna gani. Nyingi hutaka kuwekwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Iko nyingine iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia katika Chuo Kikuu cha Queensland kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Imetumika sana Tanzania na Msumbiji. Hiyo huvumilia joto zaidi, lakini nayo haipendi jua. Ukiileta kwa pikipiki kutoka Emali au Wote, ifunge katika kitambaa kibichi, kivulini.

3. Chanja alfajiri kuku wakingali bandani. Kwa chanjo ya matone, mlaze kuku ubavu, dondosha tone 1 katika jicho 1, na umshike mpaka apepese jicho. Chanja wote, vifaranga pia ikiwa karatasi yaruhusu.

4. Usichanje kuku mgonjwa. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, wala usijiguse macho kabla ya kunawa.

Miezi ya Machi, Julai na Novemba yafaa kwetu. Julai hutangulia kiangazi na upepo wa Agosti hadi Oktoba. Novemba hutangulia Krismasi, wakati kuku wengi husafirishwa na wageni.

KAMA CHANJO HAIPATIKANI

Usinunue iliyokaa rafuni kwenye joto. Heri kungoja ije nzuri. Wakati huo, kuku mpya kutoka sokoni atengwe siku 14. Kuku aliyekwenda sokoni asipouzwa, naye atengwe arudipo. Waliokufa wachomwe au wazikwe shimo refu, mbwa wasiwafukue. Usiuze kuku mgonjwa ili uokoe chochote, kwa maana hivyo ndivyo kideri kinavyofika boma la mwenzako. Mpashe habari afisa wa mifugo upesi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MWETHYA

1. Kuku wetu wote ni wangapi, na wangetosha chupa ngapi?
2. Nani ataileta chanjo, na atailindaje na jua njiani?
3. Nani atakumbusha siku ya kurudia?

Mkiyajibu hayo matatu, shauri limekwisha kukatwa. Kilichobaki ni kuchagua siku.