Uhai Ndani ya Barafu ya Kibo

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyeko Moshi huiona barafu ya Kibo, kilele chenye kimo cha mita 5,895. Je, ndani yake mna uhai?

Tuanze na ncha za dunia. Maji ya bahari yagandapo, chumvi husukumwa nje ya fuwele za barafu, ikabaki katika mifereji myembamba ya maji ya chumvi kali yasiyoganda upesi. Humo huishi bakteria na miani midogo mno.

Barafu ya milimani hutokana na theluji, wala haina chumvi hiyo. Hapa msaada ni vumbi: likitua juu ya barafu hufyonza joto la jua, barafu iliyo chini yake huyeyuka, na maji hayo huwa makazi ya vijidudu.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walitangaza kwamba baadhi ya vijidudu vya kileleni Kilimanjaro hupatikana pia katika nchi nyingine za baridi, na vingine ni vya huko tu. Kazi hiyo hudai vyombo vilivyotakaswa, kwani uchafu wa mkono huharibu ushahidi.

Nao muda ni mfupi. Mwaka 1912 barafu ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2007 hazikufika 2. Ikiisha, makazi hayo yatakwisha nayo.

Zoezi: Weka katika friji glasi mbili za maji, moja ikiwa na chumvi. Ipi huganda kwanza, na kwa nini?